Ruta ina njia mbili, inachagua ipi? Majibu ya maswali yenu

Wakuu, wiki hii maswali karibu yote yamezunguka jambo moja, ruta (kile kifaa kinachopeleka data kati ya mitandao) ikiwa na njia zaidi ya moja inaamuaje. Naanza na la mwanafunzi maana ndio msingi wa mengine yote.

Shikamoo kaka. Nasoma netiweki chuo mwaka wa pili. Mwalimu katufundisha OSPF na RIP, zile itifaki ruta zinazotumia kuambizana njia: OSPF ina 110 na RIP ina 120, ndogo ndio inashinda. Sasa ruta ya maabara ina zote mbili, nikipingi anwani 10.20.5.7 (nikijaribu kama inafikika) inapita njia iliyoletwa na RIP. Tumekosea wapi?

Marahaba mdogo wangu. Hamjakosea, na mwalimu wako yuko sahihi, ila kuna kitu kinaangaliwa kabla ya hizo namba. Tazama vizuri hilo jedwali la njia ulilonitumia: OSPF imeleta 10.20.0.0/16, RIP imeleta 10.20.5.0/24. Kwa ruta, hizo ni sehemu mbili tofauti kabisa, kwahiyo zote zinaingia kwenye jedwali bila kushindanishwa, halafu paketi ikifika inafuata ile yenye prefiksi ndefu zaidi inayoihusu, yaani yenye namba kubwa baada ya mkwaju, inayotaja eneo dogo zaidi. Yaani mmoja kakwambia fundi anakaa Temeke, mwingine kakwambia Temeke, Mtoni, nyumba ya tatu ukishapita msikiti. Utamfuata huyu wa pili hata kama yule wa kwanza ndio unamwamini zaidi. 110 na 120 zinashindana pale tu prefiksi zikiwa sawasawa, /24 kwa /24.

Na usichukulie hii ni mambo ya mtihani tu. Tarehe 24 Februari 2008 Pakistan Telecom waliambiwa waifunge YouTube ndani ya nchi yao, wakatengeneza njia ya 208.65.153.0/24 ya kwenda kusikojulikana, ikavuja nje kupitia PCCW waliokuwa wanawapa intaneti. YouTube wenyewe walikuwa wanatangaza 208.65.152.0/22. /24 ni ndefu kuliko /22, basi ruta za dunia nzima zikaanza kupeleka paketi za YouTube Pakistan! YouTube wakajibu kwa kutangaza /24 hiyohiyo, ruta zikagawanyika, nyingine zikabaki kule kule, ikabidi waikate vipande viwili vya /25 ndio nyingi zikarudi. Jumla ilichukua masaa mawili na kidogo. Hakuna ruta iliyoharibika siku ile, kila moja ilifuata sheria hii hii unayoisoma wewe maabara.

Hizo 110 na 120 ni za ruta zote duniani?

Hapana, hizo ni za Cisco, na wengine kama MikroTik wanafanana nao sana. Kilichochomekwa moja kwa moja ni 0, statiki (njia uliyoandika kwa mkono) 1, eBGP (itifaki ya BGP na mtandao wa nje) 20, OSPF 110, RIP 120, iBGP (BGP ya ndani ya mtandao mmoja) 200. Juniper wana zao, OSPF ya ndani kwao ni 10 na statiki ni 5. Ni kipimo cha ruta kumwamini aliyeleta habari, inabaki nacho yenyewe haimwambii jirani. Ukiona [110/20] kwenye jedwali, 110 ndio uaminifu na 20 ndio gharama ya njia.

Matawi yetu mawili yameunganishwa na laini mbili, moja ya 1 Gbps na nyingine 100 Mbps, tunatumia OSPF. Ruta inazigawia mzigo sawasawa, ile ndogo inajaa watu wanalalamika. Ruta mbovu?

Ruta nzima kabisa mkuu. OSPF ya Cisco inapata gharama ya laini kwa kuchukua 100 Mbps na kuigawanya kwa kasi ya laini, laini ya 100 inapata 1, ya 1 Gbps inapaswa kupata 0.1 lakini hakuna gharama chini ya 1, kwahiyo nayo inapata 1. Kwake hizo laini ni sawa! Pandisha hicho kipimo cha rejea, ile 100 Mbps, kiwe 10000, hapo 1 Gbps inakuwa 10 na 100 Mbps inakuwa 100, na ufanye hivyo kwenye ruta zote, ukisahau moja hesabu zitapishana.

Nina faiba na 4G ya akiba. Faiba ikikata intaneti inakufa, 4G iko tu imekaa. Kwanini haihami?

Hili linaniuma maana watu wanalipia laini ya pili kila mwezi na siku ya shida haiwasaidii. Mwaka fulani nilifunga duka moja Kariakoo, faiba distansi (ile namba ya uaminifu) 1, 4G distansi 10, nikaondoka nimeridhika. Siku faiba ilipokatika huko barabarani nikaitwa, nakuta wateja wamepanga foleni, malipo hayapiti, na taa ya poti ya faiba inawaka kijani vizuri tu. Ile kijani ilikuwa ya waya wa mita moja kati ya ruta na kiboksi cha faiba. Poti iko hewani basi njia iko hai, ruta haina habari kwamba mbele ya kiboksi hakuna kitu.

Kwahiyo ifundishe kuangalia mbali. Kwenye MikroTik check-gateway ya ping peke yake haitoshi, maana inapingi geitiwei tu (kifaa cha kwanza baada ya ruta) na geitiwei inaweza kuwa ndio hicho kiboksi, fanya njia ya faiba itegemee anwani ya mbali kama 8.8.8.8 inayofikika kupitia faiba pekee. Cisco tumia IP SLA inayopima anwani ya mbali, na track inayoiondoa njia kipimo kikishindwa. Halafu siku ya kujaribu usichomoe waya wa ruta, hapo hata konfigi mbovu itahama, chomoa ile nyaya nyembamba ya faiba nyuma ya kiboksi, taa ya ruta ibaki kijani, ndio uangalie kama 4G inashika.