PCB bila kujua kalkulasi

Si lazima uijue kalkulasi (calculus, hesabu za viwango vya mabadiliko) kabla ya kuingia PCB, yaani mchepuo wa Fizikia, Kemia na Biolojia wa kidato cha tano na sita, mdogo wangu. Utaikuta kwenye BAM (Basic Applied Mathematics, somo la hisabati ya msingi), ambayo nyie wa PCB mnasoma wakati wenzenu wa PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati) wanasoma Hisabati ya Juu. Ila mwalimu wa Fizikia hasubiri BAM ifike huko, kwa hiyo pitia angalau misingi yake. Nafundisha kidato cha tano, na wengi ninaowaona wakikwama hawakwami hata kwenye kalkulasi: ni trigonometria, vekta na kupanga upya fomula, vitu vya O-level kabisa! Anza na hivyo likizo hii, na usome grafu vizuri maana praktiko ina mtihani wake. Kama Hesabu ulipata F, hapo fikiria upya, hata kama Fizikia una B.