Chanjo ya saratani inaanzia kwenye kinyama

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: "Chanjo za RNA za saratani zitatufikia lini, na tujiandae vipi?" Lini, sitabashiri. Kuhusu kujiandaa ninalo la kusema, kwa kuwa nafanya kazi maabara ya patholojia, mahali vinapoletwa vinyama vilivyokatwa kwa wagonjwa.

Wengi walizisikia chanjo hizi wakati wa Korona wakadhani zimezuka ghafla. Katalin Karikó na Drew Weissman walikwisha kuonyesha mwaka 2005 kwamba RNA, yaani ujumbe unaoiambia seli itengeneze protini gani, ikibadilishwa kidogo, mwili hauipigi vita kabla haijafanya kazi yake. Ndiyo iliyowapa Nobel 2023. Na BioNTech ya Ujerumani ilipoanzishwa 2008, shabaha yake ilikuwa saratani.

Chanjo ya Korona ni moja kwa watu wote. Hizi za saratani zinazozungumzwa sana hushonwa kwa kipimo cha mgonjwa mmoja, tena aliyekwisha kuugua. Uvimbe hukatwa, vinasaba vyake husomwa na kulinganishwa na vya seli zenye afya za mgonjwa huyo, kisha RNA hutengenezwa ikibeba alama za uvimbe huo tu ili kinga ya mwili izitambue. Kwenye jaribio la Moderna na Merck, watu 157 waliokwisha kuondolewa melanoma (saratani ya ngozi) waligawanywa: waliopata chanjo pamoja na pembrolizumab, dawa inayoisaidia kinga ya mwili kupambana na saratani, hatari yao ya saratani kurudi au kufa ilikuwa pungufu kwa asilimia 44 kuliko ya waliopata dawa hiyo peke yake. Watu ni wachache, lakini matokeo hayo yananipa matumaini makubwa.

Sasa tazameni hali yetu. Kinyama kikichelewa kutiwa fomalini (dawa ya kukihifadhi kisioze), au kikitiwa fomalini isiyo na bafa (kemikali ya kuizuia isiwe na asidi), vinasaba hukatikakatika, havisomeki vizuri. Ninapokea vya namna hiyo, vingine kwenye vichupa visivyo hata na jina kamili. Majibu nayo huchukua wiki kadhaa, na mgonjwa wa mbali anakuwa amesharudi kijijini na uvimbe wake. Hakuna kiwanda cha RNA kitakachoziba pengo hilo.

Viwanda navitaka, nisieleweke vibaya. BioNTech ilizindua eneo lake la kiwanda Kigali Desemba 2023, ingawa Moderna ilisitisha mpango wake wa Kenya mwaka uliofuata. Kwa maradhi ya kuambukiza viwanda hivyo vinaweza kutufaa mapema zaidi. Chanjo ya RNA ya kifua kikuu imeshaanza kujaribiwa kwa watu Afrika Kusini.

Wakati tunasubiri, chanjo ya kirusi cha HPV ipo. Si ya RNA, lakini inazuia saratani ya mlango wa kizazi, inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania, na wasichana wetu wanachanjwa nchi nzima tangu 2018. Inaniuma kila ninapoweka chini ya darubini kinyama cha mama ambaye alizaliwa mapema mno kuipata.

Kwa hiyo ombi langu kwa wanaopanga bajeti ni fomalini yenye bafa hadi hospitali za wilaya, mashine za kuandaa tishu, na wanapatholojia zaidi. Kwa madaktari na wauguzi wa chumba cha upasuaji, ombi ni dogo: andikeni kwenye fomu saa kinyama kilipotoka mwilini na saa kilipoingia kwenye fomalini.