Mtazame Mchezaji Wako Asipokuwa na Mpira

Kila msimu unapokaribia, makocha vijana wa kikapu huniuliza jambo lile lile: nina mchezaji hodari kuliko wote, lakini mfumo wangu wa mashambulizi haumkai. Nimwache yeye au niuache mfumo? Huwa nawaambia wasiamue kwanza. Chagua mechi moja umtazame yeye peke yake, hasa mpira ukiwa kwa wenzake. Hata nyota anacheza sehemu kubwa ya mechi mikono mitupu, na hapo ndipo utajua kama mtaelewana.

Hapa Dar es Salaam, tangu Hasheem Thabeet achaguliwe wa pili mwaka 2009 kwenye drafti, yaani uteuzi wa wachezaji wapya, ya NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, kijana mrefu akionekana tu anapelekwa chini ya kikapu, anaambiwa ageuze mgongo asubiri mpira. Hakuna anayemuuliza kama anajua kutoa pasi. Inaniuma, kwa sababu nimeona vijana warefu wenye macho ya mchezeshaji wakiozea pale chini.

Mfano ninaoupenda ni Pau Gasol, mrefu kutoka Hispania. Akiwa Lakers, timu ya Los Angeles, alichukua ubingwa wa NBA mwaka 2009 na 2010 chini ya kocha Phil Jackson, kwa mfumo wa pembetatu ambao Tex Winter aliuendeleza kwa miaka mingi. Watu watatu upande mmoja, wawili upande wa pili, na kila pasi inafuata jinsi mlinzi alivyosimama. Gasol akipokea mpira, wenzake wanakata mbele yake, naye anamwona aliye huru kabla mtu mwingine hajamwona.

Msimu wa 2012-13 alikuwa Gasol yule yule, jezi ile ile, na Kobe Bryant yupo. Wakaongezwa mchezeshaji Steve Nash na mrefu Dwight Howard, watu wakaanza kuhesabu kombe. Kocha Mike Brown akafukuzwa baada ya mechi 5, akaletwa Mike D'Antoni. Mfumo wake ulimtaka mrefu mmoja aweke skrini, yaani asimame kumzibia njia mlinzi wa mwenzake, kisha akimbilie kikapu, wengine wanne watawanyike nje ili njia iwe wazi. Lakers walikuwa na warefu wawili. Howard alipenda zaidi kupewa mpira akiwa amegeuzia kikapu mgongo, na Gasol akasukumwa nje, mbali na kazi yake. Nash, ambaye mfumo huo huo ulimsaidia kuwa mchezaji bora wa NBA mwaka 2005 na 2006 akiwa Phoenix, akaumia mguu mapema. Walishinda mechi 45, wakapoteza 37, na San Antonio ikawatoa 4-0 raundi ya kwanza ya mtoano. Majeraha yalichangia, tena sana. Lakini Gasol hakusahau kucheza ndani ya miaka miwili.

Na mchezaji anayeogopa kwamba mfumo utamla namwambia habari za Michael Jordan. Msimu wa kwanza wa Jackson kama kocha wa Chicago, Jordan alifunga wastani wa pointi 33.6 kwa mechi. Msimu uliofuata, pembetatu ilipokolea, akashuka hadi 31.5. Bado aliongoza ligi kwa kufunga, akawa mchezaji bora, na akapata ubingwa wake wa kwanza. Kwenye mechi ya 5 ya fainali ya 1991, Lakers walipomsonga Jordan, mpira ulimkuta John Paxson akiwa huru, naye akamaliza na pointi 20.

Mazoezini mimi huanza na tano kwa tano, kudunda marufuku. Dakika chache zinatosha. Yupo atakayetoa pasi kisha asimame, mikono kiunoni, akiita mpira urudi kwake. Yupo atakayetoa pasi na papo hapo akate kuelekea kikapuni, mlinzi wake bado amegeuza shingo kuufuata mpira.

Yule wa kwanza usimfukuze. Tafuta sehemu mbili anazofunga vizuri, kisha panga mashambulizi yaishie hapo. Kijana wangu mmoja alikuwa hatari upande wa kushoto, karibu na mstari wa mitupo huru. Nilichobadilisha ni mwanzo tu: tukawa tunaanzia kulia, pasi mbili tatu, walinzi wakishasogea ndipo mpira unamfikia. Anaupokea na kutupa, hana haja ya kudunda mara sita. Mwelekeze ukiwa naye peke yenu, baada ya mazoezi. Ukimfokea mbele ya wenzake atakupinga hata pale anapokubaliana na wewe.

Nawe mchezaji unayetafuta timu, usiishie kuuliza utapata dakika ngapi. Muulize kocha: nikiwa sina mpira, unataka niwe wapi? Akichukua chaki akuchoree, kaa umsikilize. Akikwambia utajua huko huko mechini, ongea na timu nyingine kabla usajili haujafungwa.