Ile picha ya wavuvi

Tororo, Jumapili jioni

Mwanangu Zubeda,

Hatujambo huku, ila mama yako amegombana na kuku wa jirani tangu asubuhi. Ujumbe wako nimeusikiliza mara mbili. Wasema mwenye hoteli wa Jinja aliyenunua picha yako ya wavuvi ameichapisha kwenye kalenda na vikombe, na ulipomuuliza akakujibu, "Si nimeilipia?"

Kwanza nijibu wewe: alikuta umeshaichora, au alikuagiza? Alikupa arbuni kabla hujashika brashi? Kesi yote iko hapo. Kama ilikuwa tayari inaning'inia ukutani kwako, basi kwa sheria yetu ya hakimiliki hapa Uganda ya mwaka 2006 alinunua turubai na fremu. Aitundike atakapo, aiuze, ampe shemeji yake. Kuinakili kumebaki kwako, maisha yako yote na miaka 50 baada yake, isipokuwa uwe ulitia saini kumpa haki hiyo. Na akikutisha kwamba hukuisajili URSB, ile ofisi ya serikali ya usajili, usitetemeke. Haki ilianza ulipoichora. Usajili ni ushahidi tu siku ya ubishi.

Lakini kama ilikuwa oda, mambo yanageuka. Pasipo mkataba unaosema vingine, hakimiliki ni ya aliyeagiza. Mimi nililijua hilo kwa uchungu. Ulikuwa darasa la saba, mfanyabiashara mmoja hapa mjini akaniagiza mchoro wa Mwamba wa Tororo. Nikalipwa, nikakununulia sare, nikajiona tajiri. Mwaka uliofuata mwamba wangu ukawa kwenye kalenda za duka lake, bila hata jina langu pembeni. Nilikwenda kwa wakili kwa kelele, nikarudi kimya. Alichoniambia ni kwamba ningeweza kudai jina tu, maana kutajwa kuwa mchoraji ni haki isiyouzwa pamoja na kazi. Sikudai. Niliona aibu, na sasa najuta.

Kuanzia leo, hata kwa rafiki, andika kwenye risiti: "Nimeuza picha, si haki ya kuinakili." Na ipige picha nzuri kabla haijatoka mlangoni, kwani mnunuzi halazimiki kukufungulia nyumba yake uje uipige baadaye.

Huyo bwana usimjibu tena kwanza. Nitumie risiti na zile meseji zenu za mwanzo, hasa za kabla hujaanza kuchora.

Baba yako