Kabla Hujakata Ubao: Kufunga Sabufa Kwenye Pikapu ya Zamani

Kijana anapokuja kujifunza kazi hii kwangu hapa Mwanjelwa, jijini Mbeya, swali lake la kwanza huwa ni sabufa, yaani spika ya besi, ya inchi ngapi inafaa. Ninamwelewa, kwa kuwa spika ndiyo inayoonekana dukani na ndiyo mteja anayoitaja. Hata hivyo, besi ya kwenye pikapu ya zamani hutokana na boksi na umeme kuliko ukubwa wa spika, na ukishalikubali hilo, mpangilio mzima wa kazi hubadilika: unaanza na gari, unafuata boksi, kisha nyaya, na spika inakuja mwisho. Ninapoandika haya ninazifikiria Hilux za miaka ya 1990 zenye kebini fupi, zile zinazoteremsha viazi kutoka Umalila na ndizi kutoka Tukuyu, lakini pikapu nyingine za umri huo hazitofautiani nazo sana.

Siku ya kwanza usiguse msumeno. Toa siti, inua kapeti, na upapase sakafu ya kebini kwa kiganja chote mpaka kwenye kona. Raba ya kioo cha nyuma ikishazeeka hupitisha maji, na gari linalokwenda Rungwe kila wiki, katika milima ambayo mvua yake haina msimu mmoja, linaweza kuwa na unyevu chini ya kapeti kwa miaka bila mwenyewe kujua. Boksi langu la pili maishani nililitengeneza kwa ubao wa chenga zilizogandishwa kwa gundi, kwa sababu ulikuwa wa bei nafuu, na nikaliweka juu ya sakafu ambayo sikuikagua. Masika yalikuwa hata hayajaisha. Ubao wa chini ulivimba kama mkate uliolowekwa kwenye chai, na skrubu nikazichomoa kwa vidole. Nililipia boksi jipya kutoka mfukoni mwangu, na tangu siku hiyo humwagia maji kioo cha nyuma kwa ndoo kabla ya kukubali kazi, huku mtu mwingine akiwa ndani ameshika tochi.

Katika ukaguzi huohuo, pima umeme. Betri nzuri ya volti 12 iliyopumzika na kujaa husoma takriban volti 12.6, na injini ikiunguruma unapaswa kuona kati ya 13.8 na 14.4. Ukikuta betri mbili, usidhani chochote mpaka upime, kwa sababu magari mengine ya dizeli hutumia mfumo wa volti 24. Kwenye gari kama hilo usichomoe volti 12 kutoka betri moja tu, maana betri hiyo itachoka huku nyingine ikichajiwa kupita kiasi, na zote mbili zitakufa mapema. Tumia kipunguza volti chenye uwezo wa kutosha.

Baada ya hapo soma kibandiko cha altaneta, ile mashine inayozungushwa na injini kuzalisha umeme, na upige hesabu mbele ya mteja. Amplifaya inayotoa wati 300 halisi, ikiwa inageuza robo tatu ya umeme inaoula kuwa sauti, inahitaji wati 400 inapofikia kilele, yaani ampea 29 hivi kwa volti 13.8. Taa mbili kubwa za wati 60 kila moja huchukua karibu ampea 9, na asubuhi ya Julai yenye ukungu pale Uyole dereva anahitaji taa, feni ya hita na waipa kwa wakati mmoja. Kama altaneta ni ya ampea 50, wati 300 zinabebeka, hasa kwa kuwa muziki haukai kileleni muda wote. Amplifaya ya wati 1000 halisi, kwa hesabu ileile, inaomba karibu ampea 97. Mwambie mteja ukweli huo mapema, kwa heshima, kabla hajatoa fedha dukani.

Sasa tuje kwenye boksi, ambalo ndilo moyo wa kazi. Nyuma ya siti ya kebini fupi kuna nafasi nyembamba, pana kidogo chini na finyu juu, na mara nyingi humo ndimo inamokaa jeki na vyombo vyake. Chukua kadibodi ngumu, ikate mpaka ilale sawasawa na mteremko wa ukuta wa nyuma, kisha rudisha siti mahali pake na umketishe dereva mwenyewe. Ninasisitiza dereva mwenyewe. Niliwahi kumfungia mzee mmoja mrefu boksi nililolipima nikiwa nimekaa mimi, nami si mrefu. Alizunguka mtaa mmoja, akarudi, akazima gari na kuniambia taratibu, "Kijana wangu, muziki ni mzuri, lakini goti langu linagonga usukani nikikanyaga klachi." Nililifumua boksi lote siku hiyohiyo, kwa sababu gari ambalo mwenyewe hawezi kukanyaga klachi vizuri ni hatari kwake na kwa wengine.

Vipimo vya nje havikupi ujazo wa boksi, na kosa hili huwapata karibu wanafunzi wote. Chukua boksi la urefu wa sentimita 60, kimo cha 40, na kina cha 20 chini na 12 juu, yaani wastani wa 16. Ukizidisha namba hizo unapata zaidi ya lita 38. Lakini ubao wa MDF, ule wa unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi, wa milimita 18 unakula sentimita 3.6 katika kila upande unaoupima, hivyo ndani zimebaki 56.4 kwa 36.4 kwa 12.4, ambazo ni lita 25 na ushei. Ondoa nafasi ya sumaku ya spika na vipande vya kukazia kuta, na utabaki na takriban lita 23. Linganisha namba hiyo na karatasi ya mtengenezaji wa spika. Angalia pia kina cha spika: katikati ya boksi hilo, kuanzia uso wa mbele hadi ubao wa nyuma, pana sentimita 14.2, na sumaku yenye tundu la kupumulia inahitaji kuachiwa mbili au tatu nyuma yake. Ndiyo maana kwenye kebini hizi ninatumia sabufa za kina kifupi.

Nawashauri wanaoanza watengeneze boksi lililozibwa kabisa, lisilo na bomba la hewa. Boksi la bomba hutoa sauti kubwa zaidi, lakini linadai nafasi ambayo hatuna na hesabu ambayo haisamehe. Zaidi ya hayo, kebini ndogo yenyewe hukuza sauti nzito za chini, kwa hiyo boksi dogo lililozibwa vizuri husikika kubwa kuliko unavyotarajia. Paka gundi ya mbao kwenye kila kiungo, toboa njia ya skrubu kwanza ili MDF isipasuke, kisha pitisha silikoni kwenye kona zote za ndani. Hapo ndipo uvumilivu unapohitajika. Silikoni inayonuka siki inatoa asidi inapokauka, na asidi hiyo hula shaba. Usifunge spika mpaka harufu iishe kabisa, jambo ambalo katika baridi yetu ya Juni linaweza kuchukua siku mbili au zaidi. Ukishafunga, sukuma koni taratibu kwa viganja viwili kisha achia. Ikirudi polepole, boksi limeshika hewa. Ikirudi kwa haraka kama mlango wa springi, kuna upenyo, nawe tafuta ulipo.

Kuhusu nyaya, beba kisu kidogo uendapo dukani na ukwangue ncha ya waya. Ukiona weupe chini ya wekundu, huo ni alumini uliopakwa shaba, na uwezo wake wa kupitisha umeme ni kama theluthi mbili tu ya shaba halisi ya unene uleule. Kwa wati 300 ninatumia shaba ya milimita za mraba 10, na fyuzi ya ampea 40 ndani ya sentimita 45 kutoka kwenye betri. Wengi hudhani fyuzi hiyo inalinda amplifaya. Inalinda waya, ili siku utakapochubuka kwenye bati na kugusa bodi, fyuzi ikatike badala ya gari kuwaka moto. Kwa sababu hiyohiyo, tundu la kupita ukuta wa injini livalishwe raba, na kabla ya kutoboa sakafu popote, lala chini ya gari uone mabomba ya breki na ya mafuta yanapita wapi.

Waya wa ethi, yaani ule unaounganisha amplifaya na bodi ya gari, uwe mnene kama ule wa betri na usizidi nusu mita. Kwangua rangi mpaka bati ling'ae, kaza kwa bolti, kisha paka rangi juu yake kuzuia kutu. Ukisikia mlio unaopanda na kushuka pamoja na mwendo wa injini, anza na ethi kabla ya kulaumu redio; kisha hakikisha nyaya za RCA, zile zinazopeleka sauti kutoka redio hadi amplifaya, zimepita upande mmoja wa gari na waya wa betri upande mwingine. Waya mwembamba wa kuwashia amplifaya utoke kwenye redio, vinginevyo amplifaya italala macho na betri itaamkia kufa.

Kiwango cha amplifaya kipangwe kwa mita, si kwa sikio lililochoka. Chomoa sabufa, cheza mlio wa hezi 50 huku redio ikiwa robo tatu ya sauti yake, na upandishe kidogo kidogo. Kwa wati 300 kwenye sabufa ya omu 2, simama mita inaposoma volti 24.5 za AC kwenye matokeo ya amplifaya, ambayo ni kipeuo cha pili cha 600, yaani 300 mara 2. Ukizidisha hapo, mawimbi hukatwa vichwa, na koili ya spika hupata joto mpaka inaungua. Kichujio cha sauti za chini kiweke kwenye hezi 80, nacho ukirekebishe baadaye mkiwa barabarani.

Boksi lifungwe kwa bolti kwenye mwili wa gari, pande zote mbili, hata kama limebanwa na siti. Mbao na sumaku vya kilo kumi na zaidi nyuma ya mgongo wa mtu havipaswi kushikiliwa na kapeti. Mteja arudi baada ya wiki moja ya barabara za vumbi na matuta: kaza upya skrubu za spika na bolti ya ethi, kisha gusa kishikio cha fyuzi mara baada ya gari kupiga muziki kwa nusu saa. Kikiwa cha moto, fungua usafishe na kukaza kiungo hicho kabla gari halijaondoka.