Kabla hujaagiza kipimo cha vinasaba kwa mtoto mwenye usonji: kwa daktari mpya wa Nyanda za Juu Kusini

Ukipangiwa Makete, Tukuyu, Mafinga au Mbeya mjini, haitachukua muda kabla mzazi wa mtoto mwenye usonji hajakuuliza kama auze ng'ombe alipie kipimo cha vinasaba. Usimjibu ndiyo wala hapana kabla hujafanya kazi mbili zisizohitaji maabara: kuuliza ukoo na kumvua mtoto nguo. Hizo ndizo zinazoamua kipimo kipi kiagizwe, au kama kuna haja ya kuagiza chochote.

Elewa kwanza kwamba kipimo hiki hakithibitishi usonji. Usonji unatambuliwa kwa kumwangalia mtoto anavyowasiliana, anavyocheza na anavyorudiarudia mambo. Kipimo kinatafuta chanzo, na kwa watoto wengi hakikipati. Kabla ya kukifikiria, mtoto awe amepimwa masikio. Ukanda huu pia una historia ndefu ya upungufu wa madini joto, kwa hiyo mtoto aliyedumaa na kuchelewa kila kitu, hasa kama mama ana rovu, apimwe homoni za tezi mapema.

Sasa ukoo. Lugha yetu inaweza kukuponza hapa. Ukiuliza kama kuna ndugu mwenye tatizo kama hili, utatajiwa "kaka" ambaye kumbe ni mtoto wa baba mdogo. Uliza: tumbo moja? Baba mmoja? Chora vizazi vitatu, mraba kwa mwanamume na duara kwa mwanamke, ukiweka na mimba zilizoharibika na watoto waliofariki. Halafu kaa sana upande wa mama. Yupo mjomba aliyechelewa kuongea, akashindwa shule, na mpaka leo anaishi kwa bibi? Babu mzaa mama alianza kutetemeka mikono na kuyumba akitembea baada ya miaka 50? Mama au dada zake wamekatika hedhi kabla ya miaka 40? Ukisikia hata moja kati ya hayo, fikiria Fragile X, ugonjwa wa kurithi unaodumaza akili na mara nyingi huja na usonji.

Chanzo chake ni jeni ya FMR1, iliyoko kwenye kromosomu X, ambamo herufi CGG zinajirudia. Hadi marudio 44 ni kawaida. Kuanzia 55 hadi 200 mtu ni mbebaji, na ndipo zinapotokea ile mitetemeko ya babu na hedhi kukatika mapema. Yakizidi 200 jeni inazimika. Babu mbebaji huwapa mabinti zake wote, hawapi wanawe wa kiume hata mmoja, na kwa mabinti marudio hubaki kwenye kiwango cha ubebaji. Yanarefuka kupita 200 yanapotoka kwa mama kwenda kwa mtoto. Kwa hiyo ukoo unaona tatizo likiruka kizazi, na lawama zinamwangukia mama. Jibu la namna hii mpe mama kwanza akiwa peke yake, kisha mkubaliane nani mwingine aambiwe na kwa maneno gani.

Mwili. Watoto wa huku huja na sweta mbili na kofia ya sufu, na daktari mwenye foleni hupima juu ya nguo. Vua zote. Tafuta mabaka meupe ya tangu utotoni, matatu au zaidi, yenye upana wa angalau milimita 5, mara nyingi umbo la jani. Mengi huandikwa utangotango na kupewa dawa ya fangasi miezi na miezi. Kwaruza kwa ukucha: utangotango hutoa vumbi la magamba, haya hayatoi. Mtoto mwenye mabaka hayo na kifafa anahitaji uchunguzi wa tuberous sclerosis, ugonjwa wa vinasaba unaootesha vivimbe mwilini, yaani apigwe picha ya ubongo na ya figo, hata kama kipimo cha vinasaba hakitapatikana kamwe. Mzingo wa kichwa upime mara tatu, juu ya nyusi na kisogo kinapotokeza zaidi, misuko ikiwa imefumuliwa, uchukue namba kubwa. Kikikaribia mstari wa +3 kwenye chati ya WHO, wapime na wazazi. Kama vichwa vyao ni vya kawaida, ulizia jeni ya PTEN, kwa sababu ikiharibika huja na hatari ya saratani ya tezi na ya matiti ukubwani. Binti aliyeacha kutumia mikono na sasa anaisugua pamoja muda wote, fikiria jeni ya MECP2, chanzo cha ugonjwa wa Rett.

Kuhusu vipimo vyenyewe, mikroarei, inayotafuta vipande vya kromosomu vilivyopungua au kuzidi, ni kama kuhesabu magunia ghalani. Inaona gunia lililopungua au lililozidi, haioni punje moja iliyooza, wala haioni magunia yaliyobadilishana nafasi. Hupata jibu kwa takriban mtoto 1 kati ya 10. Eksomu, inayosoma jeni herufi kwa herufi, ndiyo inayotazama punje. Vyote viwili havitegemewi kwa Fragile X, ambayo ina kipimo chake. Hapo ndipo wengi wanakosea: wanapokea mikroarei safi na kumwambia mama kwamba Fragile X haipo.

Eksomu husomeka vizuri zaidi damu ya baba na mama ikienda pamoja na ya mtoto. Lakini inaweza kuonyesha kwamba baba si mzazi. Lisemwe kabla ya sindano, mama akiwa peke yake, na fomu ya ridhaa ieleze kama jambo hilo litatajwa au la.

Chukua mililita 2 hadi 4 kwenye chupa ya EDTA, ile ya kifuniko cha zambarau, uigeuze taratibu mara 8 hadi 10 bila kutikisa. Chupa ya heparini inavuruga kipimo cha vinasaba. Hiyo ni ya kukuza seli ili kromosomu zitazamwe kwa darubini. Usiiweke damu hiyo kwenye friza. Toa Jumatatu au Jumanne, kwa sababu ya Ijumaa italala stendi wikiendi nzima. Kama mtoto ameongezewa damu karibuni, iambie maabara. Sampuli ikienda nje ya nchi, ulizia kibali kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, anayesimamia Sheria ya Vinasaba vya Binadamu ya 2009.

Jibu gumu zaidi ni lile la badiliko ambalo maana yake haijajulikana. Wagonjwa wetu watalipata mara nyingi kuliko Wazungu, maana kanzidata za kulinganishia zina Waafrika wachache. Usilitibu, usiliite chanzo, usimshauri mama kuhusu mimba kwa sababu yake. Liandike kwenye faili na uombe lisomwe upya baada ya mwaka 1 au 2.

Wazazi wataulizia mtoto anayefuata. Ikiwa hakuna kilichopatikana, uwezekano ni takriban 1 kati ya 10 hadi 1 kati ya 5. Badiliko likiwa limeanza kwa mtoto mwenyewe na wazazi hawana, hushuka hadi karibu 1 kati ya 100. Waandikie namba hiyo kwenye karatasi wakaondoke nayo, kwa maana nyumbani wanasubiriwa na wazee wenye maswali.