Barua kwa Mwanangu: Kitabu Kimoja, Siku Tano

Mwanangu,

Salamu zako zimefika, na swali lako nimelisoma mara mbili. Unasema utakaa na watoto nyumbani mpaka shule zifunguliwe Januari, mkubwa akikaribia miaka sita na mdogo akiwa na minne, na kitabu cha picha mlicho nacho ni kimoja, Handa's Surprise cha Eileen Browne, kile cha mwaka 1994. Umewasomea, kikaisha kwa dakika tano. Sasa unauliza kama kina kingine cha kufundisha, au ununue vitabu kumi zaidi.

Usinunue. Kisome hichohicho siku tano mfululizo, mwanzo hadi mwisho, na kila siku mchukue jambo moja tu kutoka ndani yake mkalifanyie kazi kwa mikono. Watoto wa umri huo hawachoki kurudia. Anayechoka ni mtu mzima. Mara ya kwanza mtoto hufuata kisa. Mara ya pili huanza kuzikagua picha. Ikifika ya tatu au ya nne anakutangulia kusema, na hapo ndipo maneno yameingia.

Umebahatika kuwa na kitabu kizuri kwa kazi hiyo, kwa sababu maneno yake yanasema jambo moja na picha zinasema lingine. Handa, mtoto wa Kijaluo wa kusini-magharibi mwa Kenya, amejitwika kikapu cha matunda saba kumpelekea rafiki yake Akeyo, na njia nzima anawaza ni lipi atakalolipenda. Maneno hayamtaji mwizi hata mmoja. Wezi wako kwenye picha: tumbili anachukua ndizi, mbuni pera, pundamilia chungwa, tembo embe, twiga nanasi, swala parachichi, kasuku pasheni. Mwishoni mbuzi anakata kamba, anaparamia mchenza, na machenza yanajaa kikapuni bila Handa kujua.

Kwa hiyo siku ya kwanza soma tu. Kitazame mwenyewe usiku uliotangulia, uandae namna ya kukisimulia kwa Kiswahili, kisha maneno yako yawe yaleyale kila siku. Keti chini, mmoja kushoto na mmoja kulia, usiulize chochote, na usimnyooshee kidole tumbili. Acha wamwone wenyewe. Ukiwaonyesha wewe, umewanyang'anya kitu ambacho hakirudi.

Siku ya pili uliza swali moja: "Handa anajua?" Mtoto wa miaka mitatu kwa kawaida hujibu kwamba anajua, maana yeye mwenyewe anajua, na bado haoni kwamba kichwani mwa mwenzake mna mambo tofauti na yaliyomo mwake. Kati ya miaka minne na mitano hilo hubadilika. Wanasaikolojia Heinz Wimmer na Josef Perner walilichunguza mwaka 1983 kwa kisa cha chokoleti iliyohamishwa mwenyewe akiwa hayupo, na unaweza kulifanya hapo sebuleni. Weka chenza chini ya kikombe chekundu, wote wawili wakiona. Mkubwa atoke nje. Lihamishie chini ya kikombe cheupe mbele ya mdogo, kisha mwulize: "Kaka yako akirudi ataanza kutafuta wapi?" Akisema cheupe, usimsahihishe. Mwite kaka mtu, amwone akifunua chekundu, mrudie kesho. Hilo halifundishwi kwa kuelezwa.

Katika kuzungumza nao kuhusu picha, kuna njia iliyoandikwa na mwanasaikolojia Grover Whitehurst na wenzake mwaka 1988 ambayo haijazeeka: mtoto awe msimulizi, wewe uwe msikilizaji anayeongezea. Mdogo akisema "tumbili ndizi", mwambie "ndiyo, tumbili amechukua ndizi kikapuni", umpe nafasi aseme tena kwa namna yake. Unaongeza maneno mawili matatu juu ya yale aliyoleta, basi. Wazazi wengi hukosea hapa kwa kuuliza mfululizo: hii rangi gani, huyu nani, wangapi. Mtoto anahisi yuko kwenye mtihani, anakaa kimya, nawe unadhani hajui.

Hesabu iwe siku ya tatu. Tandaza matunda saba kwenye ungo, kikapu kitupu kando. Kwa sasa machungwa, machenza, ndizi na maparachichi yapo sokoni. Embe la msimu mtalisubiri mpaka karibu na Novemba, kwa hiyo lifinyangeni. Vikombe viwili vya unga wa ngano, kikombe kimoja cha chumvi laini, na maji kikombe kimoja ukiyamimina kidogo kidogo. Donge likiacha kunata mkononi, acha hata kama maji yamebaki. Kijiko cha chai cha bizari ya manjano kinatoa rangi ya embe. Chumvi ya mawe haifai, haiyeyuki na huacha matundu. Msifinyange kitu kikubwa kuliko ndimu, wala msianike juani: kwa hewa kavu ya huko Dodoma nje hukauka kabla ya ndani, donge likapasuka. Kivulini penye upepo, mkiligeuza asubuhi na jioni, hutaka siku nne au tano, kwa hiyo anzeni Jumamosi. Chumvi hiyo ni nyingi mno kwa mtoto kula, usimwache mdogo peke yake nalo.

Mdogo ahesabu kwa kuhamisha, tunda moja moja kutoka kwenye ungo hadi kikapuni. Mtoto anayegusa chungwa moja mara mbili namba anazijua, ila mkono na mdomo haviendi pamoja, na kuhamisha kunatibu hilo. Akimaliza mwulize "yako mangapi?" Akianza kuhesabu upya, hajajua bado kwamba neno la mwisho ndilo jibu, mngoje. Kisha wanyama waje mmoja mmoja, saba, sita, tano, mpaka kikapu kiwe kitupu. Mkubwa achore kijistari kwa kila mwizi. Mpe kazi yake mapema, la sivyo atamjibia mdogo wake kila swali.

Hapohapo mnapohesabu, sikiliza ngeli. Ndizi mbili, lakini machungwa mawili, vikapu viwili, watoto wawili. Sita, saba, tisa na kumi hazibadiliki. Usiwape kanuni, wape vitu vingi vya kuhesabu na useme sawasawa wewe mwenyewe. Akisema "machungwa mbili", jibu tu "ee, machungwa mawili", muendelee.

Silabi nazo zimo humohumo. Pigeni makofi: che-nza, mawili, na-na-si, matatu, pa-ra-chi-chi, manne. Angalia usikate "chen-za" au "em-be" kama wengi wanavyofanya. Silabi yetu kwa kawaida huishia kwenye vokali, ni e-mbe, ni chu-ngwa, na mkubwa akizoea kukata vibaya itamsumbua atakapoanza kuandika. Halafu nendeni kwenye miti: chenza makofi mawili, mchenza matatu, kwa sababu ile m ya mwanzo inasimama peke yake. Pera, mpera. Chungwa, mchungwa. Ndizi itawakwamisha, watasema "mndizi", nawe utawaambia mgomba. Mkubwa akitaka kuandika jina la tunda, mvunjie krayoni kipande cha sentimita tatu; kifupi hivyo hakishikiki kwa ngumi, vidole vitajipanga vyenyewe.

Siku ya nne ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Twaa kanga, isokote kwa urefu, izungushe iwe kata ya kichwani yenye upana wa sentimita 12 hivi, ncha uichomeke ndani. Mtoto kwanza atembee na kata peke yake hatua kumi. Ikimshukia usoni ni kubwa mno. Ikifunguka hukuisokota vya kutosha. Kisha mpe kikapu kidogo chenye malimau matatu, wewe nyuma yake mikono tayari. Jaribuni pia bila kata: kikapu kinagusa utosi mahali pamoja tu, kinayumba. Kata inakipa ukingo mzima wa kukalia. Mtoto atainamisha kichwa kutazama miguu yake na kikapu kitamporomoka mbele. Bandika karatasi ukutani usawa wa macho yake, aiangalie hiyo. Akishaweza, toa limau moja taratibu kutoka nyuma bila kusema, umwulize yamebaki mangapi. Hapo ndipo atakapomwelewa Handa. Aliyejitwika hawezi kuona kilichomo kikapuni, hawezi kugeuka haraka, anatazama mbele. Mkubwa anaweza kubisha kwamba nanasi zima likiondoka lazima mtu ahisi. Ana haki. Mwekeni kitu kizito kidogo, mkitoe, mwone.

Wakiuliza kama wanyama wote hao wanaishi pamoja, wajibu kweli: mchoraji amewakusanya kwa ajili ya kisa. Twiga na pundamilia wapo katika hifadhi ya Ruma, huko huko Ujaluoni, lakini si kwamba mtoto hukutana na msafara wote huo njiani kwa siku moja. Na jina Akeyo halikuokotwa, hupewa mtoto wa kike aliyezaliwa wakati wa mavuno.

Siku ya tano mle machenza, lakini kabla ya kula leta beseni la maji yenye kina cha sentimita 15 au zaidi. Chungwa lenye ganda linaelea. Wabashiri kwanza: tukilimenya? Watoto karibu wote husema litaelea zaidi, maana limepungua uzito. Linazama. Ganda lina vishimo vingi vya hewa, ndilo boya lake. Menya kwa vidole usikate nyama, na uondoe ule weupe wote unaofanana na sifongo; ukibaki, hewa hubaki nao, chungwa likakataa kuzama na mtoto akaona umemdanganya. Machenza nayo mkisie vipande kabla ya kufungua, muandike, mfungue, mhesabu, mgawane kwa watatu, na kinachobaki mwamue wenyewe ni cha nani.

Kila kipindi kisizidi dakika 15 kwa mdogo na 25 kwa mkubwa, asubuhi wakishakunywa chai. Mdogo akiondoka katikati mwache aende, akikusikia unaendelea na mwenzake atarudi. Na usiwahubirie kuhusu wizi wala ukarimu. Wakilileta wenyewe, zungumzeni.

Ijumaa jioni mkubwa amsimulie baba yake kitabu kizima, akifunua kurasa, wewe ukiwa jikoni. Mdogo atamkatiza kila ukurasa kumtaja mwizi, mwacheni. Kurasa zikichanika msibandike selotepu ya kawaida, hugeuka manjano na kuacha ulimbo. Pakeni gundi ya unga nyembamba juu ya kipande cha karatasi laini, mkandamize chini ya vitabu vizito usiku mmoja.

Machenza ya Muheza nitawatumia kwa basi la Jumatano, kapu moja. Wabusu wajukuu zangu.

Mama yako,
Tanga